Pole Iliyochelewa Kurasini

Iko siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo hata nikiifukuza hunirudia, na leo imenirudia kwa kukutazama wewe. Umefungua sanduku, umelifunga. Umetoka barazani, umerudi. Wiki ijayo unapanda ndege kwenda kuwatumikia wanafunzi wa chuo kikuu huko ng'ambo, na roho yako imeshatangulia, umetuachia mwili tu hapa Temeke. Keti. Au basi usiketi, zunguka upendavyo, lakini sikiliza. Mie nilikuwa hivyohivyo, tena nilikuzidi.

Wakati ule alikuwa anatawala Mwingereza. Temeke hii unayoiona ilikuwa mchanga mtupu na minazi, nyumba za udongo zimeezekwa makuti, nyingine madebe yaliyokunjuliwa, na wanaume wengi walikuwa wakiamka alfajiri kwenda kupakua mizigo bandarini. Mie nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, sijatimiza hata miaka ishirini. Baba alinileta kutoka Upare nikae kwa dada yake, Shangazi Nakiete. Shangazi alikuwa mjane, mshonaji wa magauni ya watoto, ana cherehani ya mkono aliyokuwa akiiweka mlangoni ili apate mwanga na ili apate pia kuona nani kapita na nani.

Na mie nilikuwa mwoga wa watu. Sisemi ile haya ya mtoto wa kike aliyefunzwa kwao. Nasema woga. Shuleni, bwenini, niliona heri nile mboga isiyo chumvi kuliko kumwomba mwenzangu anisogezee kikopo cha chumvi. Nikitumwa dukani nilikuwa nayasema maneno yangu njia nzima, "naomba sukari ratili moja, naomba sukari ratili moja," nikifika nayamwaga kwa mkupuo, na mwenye duka ananiuliza, "Unasemaje, binti?" Mambo yangu nilikuwa nayaandika kwenye daftari jioni. Mbele za watu hayakutoka.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepata wito. Usicheke. Mwaka wangu wa mwisho shuleni alikuja mama mmoja mmisionari akatueleza habari za bweni fulani huko Uingereza, katika mji wenye chuo kikuu. Humo walikaa vijana waliotoka kwetu, na Afrika Magharibi, na Bara Hindi, na visiwa vya mbali. Alisema wanafika wakiwa Wakristo, wengine wanatamani tu kujua Ukristo ni nini, lakini baridi na upweke vinawamaliza, hakuna anayewagongea mlango. Akasema bweni lile linatafuta binti wa Kiafrika mwenye elimu kidogo, awe anawapokea wageni, asali nao, awe dada yao. Wenzangu walikuwa wanaangaliana na kubinyana. Nilijua ni mimi. Namna nilivyojua siwezi kukueleza, na wewe huhitaji, maana na wewe umejua.

Habari zikazagaa Temeke nzima. Bi Zuhura, jirani yetu, Mzaramo mwenye ulimi, alinikuta bombani nikingoja ndoo yangu ijae.

"Haya Mpare, nasikia unakwenda Ulaya kuwafundisha Wazungu dini waliyotuletea wenyewe!"

"Si Wazungu, Bi Zuhura. Ni wanafunzi, wageni kama sisi."

"Utawafundishaje na wewe husemi? Juzi umepita kwangu, salamu umeidondosha mchangani, nikainama kuiokota mwenyewe."

Wanawake wote bombani wakaangua kicheko. Nikajitwisha ndoo haijajaa nikaondoka, maji yananimwagikia mgongoni. Lakini nilivyofika nyumbani na mie nilicheka kidogo, peke yangu.

Mchungaji wetu hakucheka. Aliniita akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kule utakutana na vijana wa chuo kikuu. Hao si watoto wa shule ya Jumapili. Hapa kwetu tunaye mmoja tu, Gideoni, kijana wa marehemu yule karani wa bandari. Yuko likizo, anasoma chuo kikuu Uganda. Jumapili ya kwanza alikuja ibadani, tangu hapo hajatia mguu. Nenda ukaseme naye. Mwisho wa mwezi wazee wa kanisa watakaa wakupitishe au wakukatae. Wengine wanasema wewe ni mdogo, tena kimya mno. Huyo Gideoni akirudi kanisani, hawatakuwa na la kusema."

Unaona basi. Safari yangu yote, meli, bweni, wito, vikawa vimening'inia kwa kijana mmoja wa Kurasini ambaye sikuwahi kusema naye hata neno. Tangu saa ile sikutulia. Nilikuwa nikifagia uani, nafagia palepale nilipofagia. Shangazi akisema "niletee uzi mweupe," namletea mkasi.

Nikaandaa hotuba. Niliisema nikipika, niliisema nikifua. Siku ya kwenda niliisema njia nzima, kutoka Temeke mpaka Kurasini, kwa miguu, malori ya mkonge yakinipita na kunirushia vumbi. Mtu angeniona angedhani nina wazimu. Nilipofika kwenye zile nyumba za makarani nikapiga hodi, nikasikia "karibu," na mbele yangu akasimama kijana mrefu, amekonda, kitabu mkononi, kidole amekitia katikati ya kitabu asipoteze alipofika.

Nilikaa kwenye ncha ya kiti. Nikaanza. Mwanangu, nilisema bila kumeza mate. Nilimweleza kwamba Bwana anawahitaji vijana wasomi, kwamba elimu ni kipawa, kwamba kanisa linamngoja, kwamba mlango uko wazi. Nilisema macho nimeyatupa kwenye mguu wa meza. Nilipofika mwisho pumzi zilikuwa zimeniishia.

"Umemaliza, dada?" aliuliza taratibu.

"Ndiyo."

"Nilidhani linapita treni. Nikasema ningoje behewa la mwisho ndipo nivuke."

Nilisimama, nikaaga, nikatoka karibu mbio. Njiani nikajiambia, hewala, hotuba ilikuwa ndefu, nitaifupisha. Unaona akili ya woga? Mtu hataki kujua kosa liko wapi, anataka kujua apunguze maneno mangapi.

Mara ya pili nilikwenda na majibu. Nilimwendea mwinjilisti akanipa kijitabu cha maswali wanayouliza wasomi, nikakikariri. Dunia iliumbwaje, mateso yanatoka wapi, dini nyingine je. Gideoni alinisikiliza tena, safari hii amekiweka kitabu chake mezani. Nilipomwuliza kama ana swali akasema, "Dada Namsifu, umekuja kujibu maswali ambayo sijayauliza."

"Basi uliza lako."

Alinitazama kama mtu anayekaribia kusema jambo. Nami, kwa kuwa kimya kilinitisha kuliko treni, nikaanza tena, habari za Nuhu sijui. Akainamisha kichwa, akakichukua kitabu chake.

Mama yake alikuwa ametuletea chai. Alisimama kwenye pazia la mlango wa ndani, vikombe ameshaviweka, haondoki. Kavaa kaniki, kajitanda kaniki. Ananitazama usoni kama mtu anayengoja apewe kitu chake. Nikamwambia, "Ahsante kwa chai, mama." Akasema, "Haya, mwanangu." Akarudi ndani. Ile kaniki niliiona, mwanangu, kama ninavyouona ukuta, bila kujiuliza kitu.

Nilirudi Temeke nimekata tamaa. Jumapili ya wazee ilikuwa imekaribia. Shangazi alikuwa mlangoni na cherehani yake, pini mdomoni, anashona kigauni chenye marinda. Nikazunguka nyuma yake, nikazunguka mbele yake, nikaingia ndani, nikatoka.

"Unanikatia mwanga," alisema kwa pembe ya mdomo. "Kaa chini au nenda kachote maji."

Nikakaa. Nikamweleza yote: treni, kijitabu, Nuhu. Nikasema yule kijana ana kiburi cha usomi, moyo wake mgumu, na wazee watanikataa kwa sababu yake. Mkono wa Shangazi ulikuwa unazungusha cherehani, krr, krr, na mguu wake unapiga sakafu.

"Na ulipompa pole alisemaje?" aliuliza.

"Pole ya nini, Shangazi?"

Cherehani ikasimama. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kigauni, hana haraka hata kidogo. Ndipo akanigeukia.

"Pole ya nini? Huyo mtoto baba yake si amekufa?"

"Amekufa zamani, mie nilikuwa shuleni..."

"Zamani kwako. Kabla ya kwenda kwake, wewe na yeye mlikuwa mmeonana tangu mzee afariki?"

"Hatukuwa tumeonana."

"Na mama yake je?"

"Naye sikuwahi."

"Umeingia nyumba ya wafiwa, ukaketi kwenye kiti cha marehemu, ukanywa chai ya mjane, ukatoka. Ukarudi tena. Na hukusema pole. Namsifu, hata mwizi akiingia nyumba yenye msiba huaga kwa pole!"

Mwanangu, unajua desturi yetu, huna haja kuelezwa. Ukionana na mfiwa kwa mara ya kwanza, hata ikipita mwaka, kwanza ni pole. Biashara yako, salamu zako, habari zako, vyote vinakaa nje ya mlango mpaka ile pole iingie. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Na mie nililijua. Lakini nilikuwa nimejaa hotuba yangu, kifua hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Shangazi hakuishia hapo. Ukimkosea alikuwa anakukung'uta mpaka vumbi liishe.

"Nikuambie unavyohubiri wewe? Unahubiri kama mtu anayerusha mzigo juu ya ua na kukimbia, asije akakutana na mbwa. Unaogopa watu, basi unawatupia maneno ili wasikukaribie. Hayo si mahubiri. Na huko Ulaya unakotaka kwenda, unadhani utawakuta watoto wa aina gani? Ni haohao. Mmoja mama yake atafariki kijijini yeye yuko kwenye baridi kule, hakuzika, hakuona kaburi. Atakaa chumbani na kitabu chake, watu watasema ana kiburi. Nani atampa pole? Wewe? Wewe umeshindwa ya hapo Kurasini tu!"

Akageukia cherehani yake. Nilisikia uso unaniwaka. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Kesho utakwenda. Kuna ndizi pale, na mchele kibaba kimoja. Huendi mikono mitupu. Na hotuba yako iache hapa, nitaitunza pamoja na vitambaa."

Kesho yake nilikwenda. Nikuambie ukweli, njiani midomo yangu ilikuwa inatafuta maneno ya kusema, na hakukuwa na maneno ila lile moja. Nililisema mara chache likaisha. Sehemu yote ya njia iliyobaki nilitembea hivihivi, sina la kukariri, nikawa kama mtu aliyetoka nyumbani bila nguo.

Gideoni hakuwapo. Mama yake alikuwa uani, kwenye mkeka, anabangua kunde. Nikavua viatu, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Mama, pole sana na msiba. Nilikuwa shuleni. Nimechelewa."

Aliubakiza mkono wangu mkononi mwake, akatikisa kichwa, mara akaanza kulia, kilio kile cha chini kisichoita majirani. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Nimepoa. Mungu ndiye mpaji." Kisha akafuta uso kwa ncha ya kaniki, akanisogezea ungo. "Haya, bangua na mimi. Amekwenda ufukoni, atarudi."

Tulibangua kunde alasiri yote. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, kukaa. Miguu iliwasha, mgongo uliuma, kila sauti barabarani niliinua kichwa. Yeye alikuwa akisimulia habari za mumewe. Alivyokuwa akivaa soksi nyeupe hata kwenye joto. Alivyomfokea kuli mmoja wa bandarini asiyemjua, jioni akampelekea unga. Mie nilikuwa nasema "ehe" na "kumbe" na hakuna zaidi.

Gideoni akaingia, suruali ameikunja, mchanga miguuni. Aliponiona alitabasamu kwa upande mmoja.

"Aa, treni la Temeke. Leo umekuja na mabehewa mangapi?"

Nikasimama. Nikamwendea, nikampa mkono. "Gideoni, pole na msiba wa baba. Nimekuja hapa mara mbili sikukupa pole. Nisamehe."

Lile tabasamu likabaki usoni limekosa kazi. Aliushika mkono wangu hauachi, anatazama chini, taya linacheza. Kisha akaketi kwenye kizingiti cha jiko.

"Simu ya maandishi ilinikuta kwenye mtihani," alisema. Alikuwa anamwambia mama yake au ananiambia mie, sijui. "Mkubwa wa bweni akaniita, akasema baba yako ameshazikwa, huwezi kuwahi, kaa umalize. Ni meli kuvuka ziwa, halafu treni, siku kibao. Nikakaa. Nikamaliza mtihani. Nimefika hapa, matanga yameshaondolewa, nyumba imepakwa chokaa. Ile Jumapili nikaenda kanisani. Nilijiambia leo watanipa pole, ndipo nitaamini kwamba amekufa. Kanisa zima limenishika mkono. 'Karibu msomi! Uganda wanakula nini? Mtihani ulikuwaje?' Wote. Kwao msiba ulikwisha, wali wa matanga walishaula. Nikatoka na mikono imejaa salamu, pole sikupata hata moja."

Mama yake alikuwa ameacha kubangua.

Gideoni alikaa pale mpaka jua likaanza kuteremka nyuma ya maghala. Akajifuta uso kwa kiganja, akanitazama. "Hotuba leo hakuna?"

"Hakuna."

"Hata ya Nuhu?"

"Shangazi kaifungia na vitambaa."

Akacheka, na mama yake akacheka, na sote tukacheka kicheko kibaya cha watu waliokuwa wanalia. Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani. Hakusema atakuja kanisani. Nami sikumwuliza, ingawa nakiri kwamba swali lilikuwa limenikaa kooni, maana wazee walikuwa wanangoja.

Jumapili ikafika na hakuja. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, shingo inanikakamaa kwa kugeuka nyuma kila mlango ulipolia. Baada ya ibada nikaitwa chumba cha nyuma. Wazee wamekaa kwenye benchi, na Mzee Yafeti, mwenye sauti kubwa kuliko wote, ndiye aliyeanza.

"Binti, umemleta yule kijana?"

"Sikumleta, Mzee."

"Mmoja tu amekushinda?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa huko Ulaya unakwenda kushindwa na wangapi?" Wengine wakacheka kidogo, bila ubaya. "Na mwezi mzima huu ulikuwa unafanya nini huko Kurasini?"

Zamani ningemwaga maneno nikakimbia. Lakini ile siku ya kunde ilikuwa bado imo mwilini mwangu. Nikasema polepole, na kwa mara ya kwanza nikamtazama mtu mzima usoni nikiwa nasema. "Mara mbili nilimhubiria. Mara ya tatu nilimpa pole ya baba yake. Aliniambia hakuna mtu aliyempa."

Mzee Yafeti alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la yule karani, watu wote walijua. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mie nilimwuliza kama Uganda kuna samaki," alisema, na ile sauti yake kubwa sijui ilikuwa imekwenda wapi.

Mchungaji akasimama. "Tusali tufunge. Shauri la binti lingoje. Twendeni Kurasini."

Wakatoka, wazee wale, na makoti yao meusi kwenye jua la saa sita, wakafuatana barabarani kama watu wanaokwenda kuzika. Sikuambiwa niwafuate. Nikarudi kwa Shangazi sijui kama nimekubaliwa au nimekataliwa, nikafagia uani ambako hakukuwa na taka.

Siku zikapita. Jioni moja Mchungaji akaja, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akamwambia Shangazi, si mimi, "Mshonee koti zito. Anakwenda." Basi. Mpaka leo sijui kama walinituma kwa kuwa waliniona nafaa, au kwa kuwa waliona haya. Nimeshaacha kuuliza.

Na Gideoni? Ningeweza kukupambia, nikasema alikuja mbele ya madhabahu akilia. Hapana. Alikuja ibadani Jumapili moja kabla hajarudi Uganda, akakaa benchi la mwisho karibu na mama yake, akatoka kabla ya mahubiri. Baadaye nikasikia amekuwa mwalimu huko kusini. Imani yake iliishia wapi sikupata kujua. Ni Mungu anayejua, mie nilipewa pole tu niifikishe.

Kule ng'ambo nilikaa miaka kadhaa. Watu wakiniuliza nilifanya nini hukosa cha kusimulia. Nilipika chai nyingi. Nilisali na wengi, wengine wakabatizwa, wengine wakaniambia wazi hawataki, tukaendelea kunywa chai. Baridi ya kwanza tu, binti mmoja wa Afrika Magharibi alifiwa na mama yake. Alijifungia. Wenzake wakasema anajidai, masomo yamempanda kichwani. Nilipanda ngazi nikagonga, nikangoja, nikagonga. Alipofungua nilikuwa na Kiingereza chote cha shuleni, na cha kumpa pole sikukiona. Nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikakaa naye kitandani mpaka wakati wa chakula. Alisema sana kwa lugha yake. Sikuelewa hata neno, nami sikutoka.

Ndiyo maana nakuambia wewe, mwanangu, unayezunguka. Huko unakokwenda utakuwa umejaa. Umesoma, umeombewa, umewekewa mikono, kifua kimejaa neno. Ni jema. Lakini ukifika mlangoni kwa mtu, jiulize kwanza ni jambo gani limempata, kabla ya kumpa ulilobeba. Kama hujui, muulize. Akinyamaza, na wewe nyamaza, usikimbilie Nuhu. Injili ya Bwana haichachi kwa kungoja chai ipoe. Ukiona mwanafunzi anakupa majibu ya kiburi, tazama nyuma yake kwenye pazia, huenda kuna mtu kavaa kaniki na wewe huoni. Na huo moyo usiotulia ulio nao, usiuonee haya, hata wangu haujatulia mpaka leo. Ila usiuache ukuongoze ulimi. Upe kazi ya miguu, ikupeleke kwenye mlango wa mtu, kisha ukae naye.

Usihesabu waliokuja ibadani. Watakaokutuma watahesabu, wajibu kwa heshima, wewe usilale na hesabu hiyo.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu aliyewafuata watu wake ugenini akutangulie huko. Akupe masikio kabla ya kukupa maneno. Milango utakayogonga ifunguliwe, na usipofunguliwa akupe saburi ya kugonga tena kesho. Ukifiwa huko mbali, apatikane mtu wa kukushika mkono. Na ukirudi, utukute wazima, tukupe pole ya safari kwanza, ndipo tukuulize wanakula nini. Amina. Sasa funga hilo sanduku.